Paloma Alipopanda Mlima Elgon

Katikati ya miaka ya 2000, mchuma kahawa wa Mexico aliingia katika nyumba za Wakenya na akakaa humo miezi mingi. Katika hadithi jina lake lilikuwa Teresa Suárez, ila watazamaji walimjua kama Paloma. Ndiye aliyekuwa mhusika mkuu wa Cuando seas mía, tamthilia ya kituo cha TV Azteca iliyoanza kuonyeshwa kwao mwaka 2001, na aliyemwigiza ni Silvia Navarro. Paloma na mama yake walikuwa watu wa kufuata msimu: kahawa ikiiva wapo, ikiisha wamehama. Kisha akapendana na Diego, kijana wa familia yenye shamba, na kuanzia hapo ikawa ni fitina, machozi, uongo na kungoja kesho saa ile ile.

Kapsokwony ni mji mdogo kwenye miteremko ya Mlima Elgon, kaunti ya Bungoma, katika nchi ya mahindi, vitunguu, viazi na kahawa. Huko hakuna aliyehitaji kuelezwa mchuma kahawa ni mtu wa namna gani. Watu wanavijua vidole vinavyonata baada ya asubuhi nzima mtini, na debe linavyokataa kujaa ilhali jua limekwisha panda. Mexico ilikuwa mbali, lakini kazi ilikuwa ile ile. Hadithi yenyewe ilikuwa imezaliwa Colombia mwaka 1994 kwa jina Café con aroma de mujer, ikiwa imeandikwa na Fernando Gaitán, mtu ambaye mwaka 1999 aliipa dunia Betty, yule msichana wa ofisini aliyesimangwa kwa sura yake.

Kumtazama Paloma hakukuwa jambo jepesi. Vijiji vingi vya mlimani havikuwa na umeme. Runinga iliyozoeleka ilikuwa Great Wall ya inchi 14, picha nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Betri ikiisha nguvu, ilifungwa nyuma ya baiskeli ikapelekwa kuchajiwa sokoni, na siku hiyo nyumba nzima ilikosa sehemu moja ya hadithi. Antena ilisimama nje juu ya mlingoti wa mbao. Mtoto mmoja alitumwa kuizungusha gizani huku walio ndani wakimpigia kelele: "Rudisha kidogo! Hapo! Usiguse tena!" Upepo wa mlimani ukivuma, mlingoti uligeuka wenyewe, na uso wa Diego ukajaa chenga wakati anataka kusema neno lililongojwa wiki nzima.

Baada ya taabu yote hiyo, asubuhi yake ilikuwa vigumu kumpata mtu mzima wa kukiri. Mama anayejua kila kosa la Diego husema ni watoto ndio huwasha runinga. Mwalimu husema alikuwa akisubiri taarifa ya habari. Mzee husema alikuwa amesinzia kitini, ingawa anaweza kuwataja maadui wa Paloma mmoja baada ya mwingine.

Raha ya aina hii, ya kutazama tamthilia na kusoma riwaya nyepesi, ni ya mamilioni ya watu. Sensa ya 2019 ilikuta runinga katika asilimia 40.7 ya kaya za Kenya, na inajulikana kwamba runinga moja ya kijijini hutazamwa na kaya zaidi ya moja. Hata hivyo ni raha inayofanywa kwa kujificha, kana kwamba kuna mtu anayeibiwa kitu.

Aibu hiyo ina historia. Wamisionari wa Kanisa la Friends, wanaojulikana pia kama Quaker, walitoka Marekani wakafika Kaimosi mwaka 1902, na mafundisho yao yakaenea kaskazini hadi Bungoma. Ukristo waliouleta ulithamini kazi, kiasi na sala. Pombe na ngoma za usiku ziliwekwa upande wa dhambi. Shule zilizofuata zikaongeza sheria yake: kitabu ni cha mtihani. Na shamba halikuhitaji mhubiri wala mwalimu, kwa kuwa magugu hayamngoji mtu. Mtu aliyeketi mchana bila jembe, bila Biblia na bila daftari alihesabiwa mvivu, na hesabu hiyo bado inaendelea vichwani mwa watu ambao wamefanya kazi tangu alfajiri.

Vitabu vilipitia njia hiyo hiyo ya maficho, tena zamani zaidi. Katika shule za bweni za Bungoma na Trans Nzoia, sawa na kwingineko Kenya, riwaya za James Hadley Chase zilisomwa ndani ya kitabu cha jiografia kilichofunguliwa wima mezani. Mapenzi ya Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London mwaka 1908, yalikaa chini ya godoro. Pacesetters, mfululizo ulioanzishwa na Macmillan mwishoni mwa miaka ya 1970 kwa ajili ya wasomaji wa Afrika, ulizunguka mabwenini hadi majalada yakaisha. Mara nyingi kurasa za mwisho za riwaya zilikuwa zimeng'oka, na msomaji alilazimika kumtafuta kidato cha juu mtu aliyeimaliza zamani amwambie muuaji alikuwa nani. Mwalimu wa zamu akikikamata kitabu, kilikwenda ofisini. Wanafunzi wengi waliamini, pengine kwa haki, kwamba huko nako kilisomwa.

Kenya ilikuwa na waandishi wake wa kufichwa. Charles Mangua alitoa Son of Woman mwaka 1971, na kitabu kikauzwa kwa kasi ambayo wachapishaji wa Nairobi hawakuizoea. Mwaka uliofuata David Maillu alianzisha Comb Books na kujichapishia mwenyewe vitabu vidogo vya bei nafuu, vya kuingia mfukoni: Unfit for Human Consumption na My Dear Bottle mwaka 1973, kisha After 4:30 mwaka 1974. Viliongea juu ya ulevi, ofisi, mshahara na mapenzi ya wizi, na makarani walivinunua wakielekea nyumbani. Tanzania ilivipiga marufuku mwaka 1976. Wasomi wengi walividharau. John Kiriamiti naye, aliyefungwa kwa ujambazi, aliandikia gerezani My Life in Crime, na tangu kilipotoka mwaka 1984 kimepita mikono mingi ya vijana wasiojiita wasomaji.

Upande wa Kiswahili hazina ni kubwa kuliko inavyodhaniwa na wanaokijua kupitia vitabu vya mtihani pekee. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar alishinda shindano la uandishi mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa hadithi iliyochapishwa mwaka 1960 kama Mzimu wa Watu wa Kale, akamleta Bwana Msa, mpelelezi mwenye kiko na subira. Faraji Katalambulla alifuata na Simu ya Kifo mwaka 1965. Halafu wakaja Elvis Musiba na jasusi wake Willy Gamba katika Kufa na Kupona na Kikosi cha Kisasi, na Ben Mtobwa na Joram Kiango wake, kijana anayeingia hatarini akitabasamu. Mtobwa alichapishwa Nairobi pia, kwa hiyo msomaji wa Kitale aliweza kumpata. Sentensi zake zinakimbia. Mtu anayeona Kiswahili ni somo gumu la ngeli na methali na asome sura mbili za Dar es Salaam Usiku, atajikuta amefika ya tano bila kuhesabu.

Ni vigumu kuona nani alidhurika. Kijana aliyesoma kurasa mia mbili kwa tochi usiku mmoja, kwa hiari yake, alijifunza jambo ambalo darasa lilishindwa kumfundisha, kwamba kusoma kunaweza kuwa hamu. Shule zilizomnyang'anya kitabu hicho zilimfundisha pia kwamba hamu hiyo ni kosa. Miaka ishirini baadaye tunashangaa kwa nini watu wazima hawanunui vitabu.

Kuhusu aibu yenyewe upo utafiti unaostahili kujulikana vijijini kama unavyojulikana vyuoni. Mwaka 2014 Leonard Reinecke, Tilo Hartmann na Allison Eden, wakifanya kazi Ujerumani na Uholanzi, waliwachunguza watu 471 juu ya namna wanavyopumzika kwa runinga na michezo ya kompyuta baada ya kazi. Waligundua kwamba waliochoka zaidi ndio waliokuwa wepesi zaidi kujilaumu kwamba wanapoteza muda wakati wangekuwa wakifanya jambo la maana. Na kujilaumu huko kulipunguza faida ya mapumziko. Yaani mtu anayehitaji nafuu kuliko wote ndiye anayeipata kidogo, kwa sababu ameketi mbele ya runinga huku akijisuta. Runinga haikumnyima chochote. Aliyemnyima ni ile sauti ya ndani.

Miaka 30 kabla yao, mwaka 1984, Janice Radway wa Marekani alichapisha uchunguzi wake juu ya wanawake wa mji mmoja waliopenda mno riwaya za mapenzi. Alitarajia kuzungumza nao juu ya mashujaa na mabusu. Wao walizungumza zaidi juu ya kitendo chenyewe cha kusoma. Kitabu kikiwa mkononi, walisema, mume na watoto wanajua mama hayupo kwa muda. Ilikuwa saa pekee katika siku ambayo haikuwa ya mtu mwingine. Mwanamke wa Kapsokwony aliyeamka kabla ya jogoo, akakamua, akapalilia, akachota maji, akapika na kuosha vyombo, ataielewa hoja hiyo bila mkalimani.

Jioni katika sehemu hizi zina uzito wake pia. Kati ya 2006 na 2008, wakati wa mapigano yaliyotokana na ugomvi wa ardhi ya Chepyuk, Mlima Elgon uliishi kwa hofu. Kundi la wapiganaji la SLDF liliua na kuteka, kisha Machi 2008 likaja jeshi na Operesheni Okoa Maisha, nayo ikaacha majeraha yake. Familia nyingi zilikimbia makwao. Kutoka nje usiku lilikuwa jambo la kuombea. Kwa watu waliopitia miaka hiyo, kuketi jirani na jirani saa mbili usiku mlango ukiwa wazi, wakibishana kama msichana wa kwenye runinga amsamehe mwanamume wake, si jambo dogo la kupitisha wakati.

Jioni za runinga hazikuanza na Paloma. Kenya ilianza kurusha picha mwaka 1962, na kwa miongo kadhaa kicheko kilikuwa na anwani moja. Vitimbi na Vioja Mahakamani za shirika la utangazaji la taifa zilikusanya kijiji. Mzee Ojwang' wa Vitimbi alizungumza Kiswahili chenye lafudhi nzito ya Kijaluo, na watazamaji wengi walishangaa kusikia kwamba Benson Wanjau, aliyemwigiza na aliyefariki Julai 2015, alikuwa Mkikuyu. Alicheka pamoja na nchi nzima, lafudhi kwa lafudhi, bila kumwumiza mtu. Ni sanaa ngumu kuliko inavyoonekana.

Kwa watu wa magharibi mwa nchi, hata hivyo, karibu zaidi na nyumbani ilikuwa Papa Shirandula, iliyoanza katika kituo cha Citizen mwaka 2007. Charles Bukeko alimwigiza mlinzi wa Nairobi anayemuaga mkewe Wilbroda akiwa amevaa suti, kana kwamba anakwenda ofisini kuketi nyuma ya meza, kisha akifika kazini anavaa sare ya ulinzi. Kila nyumba ya Bungoma, Vihiga na Busia ina mjomba au binamu aliyewahi kulinda lango la mtu Nairobi na kurudi Desemba na hadithi kubwa kuliko mshahara. Vichekesho hivyo vilikuwa juu ya aibu ya mtu mwenye kazi halali, na watazamaji walicheka hadi machozi kwa sababu walimjua. Bukeko alipofariki Julai 2020, waliomlilia hawakuwa wachache.

Halafu ikaja zamu ya tamthilia za jioni za nyumbani. Maria, iliyoanza mwaka 2019, ilimfuata yatima wa mtaa wa mabanda aliyeingia jumba la matajiri. Zora ikapokea mwaka 2021, na Sultana, msichana asiyeona wa Pwani, mwaka 2022. Saa moja unusu jioni ikawa saa ya kupanga upya chakula cha usiku. Hapakuwa na haja ya kumleta tena Paloma kutoka Mexico, maana wenzake walikuwa wanazungumza Kiswahili. Hadhi ya mambo haya katika maisha ya watu ilikuwa imeonekana mapema, Februari 2015, serikali ilipozima mitambo ya analojia na vituo vikubwa vya binafsi vikakosekana hewani kwa karibu wiki tatu. Wakubwa walibishana mahakamani juu ya leseni na ving'amuzi. Vijijini swali lilikuwa moja, hadithi imefika wapi.

Wanaume hupenda kusema hayo ni mambo ya akina mama. Wao wana DJ Afro. Sauti yake, iliyowekwa juu ya filamu za Marekani, India na Hong Kong, imefanya kazi ambayo hakuna shule ya filamu iliyoipanga: kumchukua mpiganaji wa kung fu na kumpa tabia, matusi mepesi na madeni ya kijana wa Nairobi. Katika mabanda ya video, benchi zikiwa mbao zilizopigiliwa juu ya magogo na madirisha yamezibwa kwa magunia, filamu ile ile ilionyeshwa hadi watazamaji wakayajua maneno ya DJ kabla hajayasema. Ng'ambo ya mpaka, Uganda, akina VJ Jingo hufanya hivyo kwa Kiganda, na Tanzania ilikuwa na Lufufu. Huu ni usimulizi wa kweli, ufundi wa babu aliyeketi na moto mbele yake, na aibu wanayoona wanaume wazima kwa kuukiri ni ya bure.

Siku hizi sehemu kubwa ya raha hii imehamia kwenye simu. Waandishi wa simulizi, wengi wao Watanzania, huweka sura za kwanza Facebook bila malipo, kisha hadithi ikikolea wanamtaka msomaji atume pesa kidogo kwa simu ili aongezwe katika kundi la WhatsApp lenye sura zilizobaki. Msomaji hahitaji tena jalada la jiografia. Kioo cha simu hakimwonyeshi jirani kinachosomwa, na pengine ndiyo sababu biashara imeshika.

Watetezi wa tamthilia wana kinga moja wanayoipenda: inaelimisha. Ni kweli, na Afrika Mashariki ina ushahidi mzuri kuliko sehemu nyingi. Mwaka 1987 runinga ya Kenya ilionyesha Tushauriane, tamthilia ya Kiswahili iliyotungwa kwa makusudi kuzungumzia uzazi wa mpango. Mwaka 1993 Redio Tanzania ilianza Twende na Wakati. Ndani yake alikuwemo Mkwaju, dereva wa lori mwenye mwanamke kila kituo, na mkewe Tunu, aliyechoka, akamwacha na kuanza biashara yake. Kwa miaka miwili ya mwanzo kituo cha Dodoma kilirusha vipindi vingine saa hizo ili watafiti walinganishe. Katika maeneo yaliyosikiliza, matumizi ya uzazi wa mpango yalipanda kuliko Dodoma. Mkwaju alikufa kwa UKIMWI, na watu walizungumza juu ya kifo chake kama cha jirani.

Lakini kinga hiyo ina hatari. Inakubali kwamba raha isiyokuja na somo haina haki ya kuwepo. Watu hawakumfuata Mkwaju kwa ajili ya somo. Walimfuata kwa sababu alikuwa mwongo wa kuvutia na walitaka kujua atakamatwa lini, na bila hamu hiyo somo lisingemfikia yeyote. Mtu aliyefanya kazi yake ya siku na kuwapa watu wake haki yao ana ruhusa ya kutosha kuketi na kufurahi, hata kama hadithi haina funzo lolote.

Gharama zipo, na wenye nyumba wanazijua. Chumba kimoja chenye taa moja hakiwezi kuwa cha tamthilia na cha kazi ya shule kwa wakati mmoja, na anayeshindwa siku zote ni mtoto. Tokeni za umeme huisha haraka. Zipo hadithi zinazomsifu mwanamume anayempiga mwanamke kwa jina la wivu, na hizo zinastahili kuzimwa. Hayo ni mambo ya kupangwa na kusemwa mezani, kama familia inavyopanga karo na mbegu. Kuficha hakujawahi kuyapanga.

Kinachouma zaidi ni upande mwingine: mlima huu umetazama hadithi za kahawa za wengine na zake hazijatazamwa. Julai 1975 baridi kali iliunguza mikahawa ya Brazil. Bei ya dunia ikapanda kwa kasi isiyowahi kuonekana. Wakati huo wakulima wa Uganda chini ya Idi Amin walilipwa kidogo, kwa shilingi isiyonunua kitu, na madukani mwao sabuni, chumvi na sukari vilikuwa adimu. Mwaka 1976 na 1977 kahawa yao ilivuka Mlima Elgon usiku, kwa punda, kwa baiskeli na kwa vichwa vya watu, ikashuka katika soko la Chepkube upande wa Kenya. Watu walitajirika kwa majuma machache. Wengine walirudi mikono mitupu. Baadaye magendo yakakoma na utajiri mwingi ukaisha jinsi ulivyokuja.

Walioyaona hayo wakiwa vijana sasa ni wazee, na wengi wamekwisha kufa. Kwamba tamthilia ya kijiji cha Kenya inaweza kufika mbali kumethibitishwa na Country Queen, iliyoingia Netflix mwaka 2022 na hadithi ya wanakijiji na kampuni ya madini. Chepkube ina zaidi ya hapo: mpaka, dikteta, mapenzi ya ng'ambo na ng'ambo, polisi wanaofumba macho, na magunia. Kazi ya kwanza ni ya mtu mwenye daftari na simu ya kurekodi, akiketi na wazee wa Cheptais na Kapsokwony kabla miaka haijazidi kwenda, awaulize gunia lilivukia njia gani, nani alilipokea, na pesa zilifichwa wapi.